Mikono Yangu Ndiyo Springi

Najua ukurasa huu wa maoni umezoea mada nzito nzito: dawa za kulevya, migomo, mapenzi ya kiholela. Mwaka huu mniwie radhi. Mimi nataka kuzungumza juu ya baiskeli. Tena si baiskeli yoyote tu, bali ile ya milimani isiyo na springi za kumeza mishtuko, zile ambazo sisi huziita shoki.

Usicheke kwanza. Nenda pale nyuma ya maabara, chini ya mkaratusi, tunapoegesha baiskeli zetu sisi wanafunzi wa kutwa. Utaona mambo yamejipanga yenyewe. Upande wa kivuli ziko zile zenye shoki mbele na nyuma, zina rangi za kumetameta, na wenyewe wamezitia kufuli. Upande wa jua ziko zetu zenye foki ngumu, yaani ile mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele imenyooka tu kama miguu ya korongo. Hakuna mwalimu aliyetoa amri hiyo wala tangazo lililobandikwa. Ila mwenye foki ngumu akithubutu kuegesha kivulini, ataulizwa, "We, hiyo jembe yako inatafuta nini huku?"

Yangu iko juani. Na maoni yangu ni haya, nayasema bila kupepesa macho: kwa mwanafunzi wa huku kwetu, kwa njia zetu hizi na kwa mifuko ya wazazi wetu, baiskeli isiyo na shoki ni bora kuliko yenye shoki za bei rahisi. Wala sisemi hivyo kwa kujifariji, kama sungura aliyezikosa ndizi akasema ni mbichi. Nimezipanda zote mbili. Ile ya shoki ilimgharimu baba yangu ndama.

Kwetu ni kwenye vilima vilivyo chini ya Mlima Elgon, juu ya Kimilili. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita 7. Kilomita 2 za mwisho ndizo za lami. Zilizobaki ni udongo mwekundu na murram iliyojikunja vituta vidogo vidogo kama bati, halafu kuna mteremko mkali wenye mawe unaoshuka hadi kijitoni, daraja la magogo, kisha kilima cha kumtoa mtu ulimi. Kila asubuhi huwa napitia kituo cha maziwa nikiwa na mtungi wa lita 10 nyuma ya kiti. Mtungi huo ndio unaolipa karo yangu, hivyo si mzigo wa mchezo.

Nilipoingia kidato cha kwanza, kaka yangu aliniachia baiskeli yake alipokwenda Eldoret kutafuta kazi. Ilikuwa ya milimani, ya mtumba, fremu ya chuma, matairi mapana yenye meno, na gia 18 ingawa zilizokuwa zikitii ni 7. Shoki haikuwa nayo hata moja. Ilinipeleka na kunirudisha mwaka mzima. Lakini maneno ya wenzangu yalinichoma kuliko jua la adhuhuri. Rafiki yangu mmoja alikuwa na ile yenye shoki mbili, akipita juu ya vituta inanesa kama kitanda kipya. Mimi nikipita, meno yanagongana. Basi nikaanza kumsumbua baba.

"Mama," baba akaniambia, maana nina jina la mamake na ndivyo anavyoniita, "hiyo yako ina ugonjwa gani?"

"Haina shoki, baba."

"Na hiyo shoki inakula nini?"

Nikamwambia haili kitu. Kumbe nilikuwa nikimdanganya mzazi wangu bila kujua.

Tulikuwa na ndama jike wa miezi 8 ambaye mama alimtegemea awe ng'ombe wa pili wa maziwa. Nilinuna, nikagoma kula, nikasema nitaacha shule kabla ya kuchekwa tena. Leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Ndama akauzwa kwa jirani, shilingi 18,000. Baba akanipeleka katika duka moja mjini. Muuzaji akabonyeza usukani mara tatu, ukashuka ukapanda, ukashuka ukapanda. Akatabasamu. Shilingi 16,500 zikaenda. Zilizobaki zikawa nauli, kufuli na soda yangu.

Wiki ya kwanza nilikuwa malkia. Niliegesha kivulini! Lakini shida ya kwanza ilibisha hodi siku ileile ya kwanza ya kupeleka maziwa. Keria itafungwa wapi? Kwenye baiskeli ya foki ngumu, sehemu ya nyuma haisogei, kwa hiyo keria hukazwa kwa nati chini karibu na ekseli na juu karibu na kiti, ikakaa kama mwamba. Kwenye baiskeli yangu mpya, sehemu ya nyuma ilikuwa ikipanda na kushuka. Fundi akajaribu kunifungia ile keria inayobana chini ya kiti peke yake. Nikaweka mtungi, ukaanza kuyumba kama mlevi anayetoka matangani. Nikarudi nyumbani na nusu ya maziwa mgongoni mwa sare yangu.

Tangu siku hiyo mama ndiye aliyekuwa akibeba mtungi kichwani hadi kituoni, kilomita 3 kwenda na 3 kurudi, ili mimi nipande shoki. Niliona jambo hilo kila asubuhi, na nikanyamaza.

Shida ya pili ilikuwa kilima. Ukikanyaga pedali kwa nguvu kupanda, uzito wako unaibonyeza springi kabla haujalisukuma gurudumu. Springi inashuka, inapanda, wewe unatweta, baiskeli inacheza ngoma. Isitoshe, ilikuwa nzito kuliko ya zamani, maana zile shoki za bei rahisi ni chuma kitupu: springi nzito ndani ya bomba, basi. Shoki ya kweli ina mafuta ndani ya kuituliza springi isirudi kwa kishindo. Hii yangu haikuwa na kitu cha kuituliza. Ikigonga jiwe inabonyea, halafu inakurusha juu kama punda aliyechoka na mzigo.

Kisha masika yakaja. Matope yakaingia ndani ya mabomba. Ikaanza kulia kwii, kwii, kwii, hata mbwa wa kijiji wakanitambua. Kufikia mwezi wa sita ile bawaba ya nyuma ilikuwa imelegea, gurudumu likitikisika kama mkia wa mbwa. Nilimpelekea fundi. Akaitazama, akaiinua, akaitikisa, akaiweka chini taratibu kama daktari aliye na habari mbaya. Akasema, "Dada, spoki ninazo. Gololi ninazo. Cheni ninayo. Lakini ya ndani ya hii shoki, hata Kitale huipati."

Nikaendelea kuipanda. Ningefanyaje? Hamadi, wiki ya mitihani ya muhula wa pili, nikiteremka kwenda kijitoni, foki ya mbele ikashuka ikakwama hukohuko chini. Usukani ukainama, mimi nikaendelea na safari peke yangu hewani. Nilipoamka nilikuwa nimelalia mkono wa kulia. Ulivunjika karibu na kiwiko cha kiganja, ukatiwa plasta wiki 6. Karatasi za Hisabati na Kemia zilifanywa nikiwa nimekaa nyumbani naangalia kuku.

Baiskeli iliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kwa shilingi 600. Hebu fikiria, msomaji. Ndama mzima, shilingi 600! Baba hakunigombeza. Alizipokea zile noti, akazikunja, akampa mama anunue sukari. Afadhali angenigombeza.

Plasta ilipotolewa, niliitoa ile jembe yangu ya zamani ghalani, ambamo kuku walikuwa wameigeuza kitanda. Fundi akabadilisha gololi za mbele na nyuma, cheni na raba za breki. Shilingi 850, na kazi ikaisha kabla ya saa sita mchana. Mtungi wa maziwa ukarudi kwenye keria na mama akapumzisha kichwa chake.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini. Baiskeli isiyo na springi haimaanishi kwamba haina kitu cha kumeza mishtuko. Vipo viwili. Cha kwanza ni tairi. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, ndiye aliyesajili tairi lake la upepo mwaka 1888, baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe iliyokuwa ikimtikisa mtoto. Shoki ya kwanza ni ule upepo tunaoujaza kwa pampu. Wengi wetu hujaza tairi hadi likawa gumu kama jiwe, halafu tunalalamika kuwa njia ni mbaya. Tairi pana la milimani halihitaji ugumu huo. Libonyeze kwa kidole gumba: likikubali kidogo, umepata. Likizama sana, ongeza, ama sivyo tyubu itabanwa kati ya ringi na jiwe na utatembea kwa miguu.

Cha pili ni wewe mwenyewe. Haya nilifundishwa na kuka, babu yangu, ambaye ujanani mwake alibeba watu kwa Black Mamba mpakani Busia, wakati waendeshaji wakiita abiria "boda! boda!" kati ya upande wa Kenya na wa Uganda, jina ambalo leo limepewa hata pikipiki. Alinitazama siku moja nikishuka mteremko nimekaa kitako, akaniita.

"Mjukuu, usikalie baiskeli kama gunia. Gunia ndilo linaloumia."

Akanionyesha. Ukifika penye mawe, inuka kwenye kiti kidogo. Pedali zote mbili ziwe sawa, hakuna ya chini. Magoti yakunjwe, viwiko vikunjwe, usukani ushikwe bila kukabwa koo. Baiskeli iache ichezecheze chini yako. Macho yaangalie mbali, si kwenye gurudumu, kwa sababu utakapoangalia ndipo utakapokwenda. Breki ufunge kabla ya mawe, si juu ya mawe. Ukifanya hivyo, magoti na viwiko vinakuwa springi nne ambazo haziingii matope wala kutu, na spea zake ni ugali.

Ilinichukua mwezi mmoja kuzoea. Leo nateremka kwenda kijitoni na lita 10 nyuma, na mtungi haumwagi hata tone. Nimejua kila jiwe la njia ile. Mwenye shoki halijui jiwe, analipanda tu. Mimi lazima nilione, niamue: kushoto au kulia? Kuna jambo moja ambalo siwezi kulieleza vizuri, lakini nitajaribu. Nikiwa kwenye ile ya shoki, nilikuwa nimebebwa. Kwenye hii, naendesha.

Najua wapinzani wangu wameshanoa kalamu. Nawasikia: "Wewe unasifu ushamba! Dunia inaendelea mbele!" Basi na tuitazame hiyo dunia.

Mchezo wa baiskeli za milimani ulikulia Marekani, jimbo la California, katika miaka ya 1970. Vijana wa Marin walikuwa wakichukua baiskeli nzito za kizamani, nyingi zikiwa za Schwinn, wakazipandisha mlimani na kuziachilia kwenye njia za vumbi. Oktoba 1976 walianzisha mashindano kwenye njia iliyoitwa Repack, kilomita 3 na ushei, ikishuka mita 400 hivi. Jina hilo lilitokana na breki za kurudisha pedali nyuma, ambazo ziliungua hadi grisi ikatoka moshi, na ikabidi kitovu cha gurudumu kijazwe grisi upya. Wengi wao hawakuwa na foki ya shoki. Mchezo mzima ulizaliwa kwa foki ngumu. Kampuni ya RockShox ilianza kuuza foki yake ya kwanza ya shoki mwaka 1989, na mwaka uliofuata Greg Herbold akanyakua ubingwa wa kwanza wa dunia wa kuteremka mlima kwa foki ya aina hiyo. Sikatai. Mpe mwanamichezo haki yake.

Lakini kuna kisa kingine. Mbio za Paris-Roubaix huko Ufaransa, zilizoanza mwaka 1896, hupita kwenye barabara za kale za mawe yaliyopangwa, mbaya kuliko vituta vyetu. Mwaka 1992 na tena mwaka 1993, Gilbert Duclos-Lassalle alizishinda akiwa na foki ya shoki. Watu wakadhani foki ngumu imezikwa. Wapi! Mtindo ule ulipita. Siku hizi wengi wa waendeshaji wa mbio zile wanatumia foki ngumu, ila wamepanua matairi na kupunguza upepo. Kwa maneno mengine, wamerudi kwa Dunlop, na kwa ule ushauri wa kuka. Je, hao nao ni washamba?

Haki ni haki, kwa hiyo nikiri pia yale yanayouma. Foki ngumu inachosha. Siku za kwanza viganja vyangu vilikufa ganzi hata kalamu ikawa inateleza darasani. Kwenye mteremko mkali siwezi kwenda kasi kama mwenye shoki nzuri, na sijaribu. Mtu mwenye mgongo mbovu simshauri anifuate. Na kama mzazi wako ana uwezo wa kukununulia shoki ya kweli, yenye mafuta ndani, na fundi anayeijua yupo karibu, panda kwa raha zako, sina kijicho. Ugomvi wangu ni na ile shoki ya kudanganya macho, inayobonyezwa mara tatu dukani na kufa katika masika ya kwanza. Ile ndiyo inayonunuliwa na wazazi wetu. Tena huuzwa karibu kwa bei ambayo ingempatia mtu baiskeli imara ya foki ngumu na breki nzuri, kwa kuwa pesa zilizopaswa kwenda kwenye breki na beringi zimeingizwa kwenye springi.

Kwa hivyo nina mambo matatu ya kuomba.

Kwanza, wenzangu tuache kucheka. Kicheko chenu, pamoja na upumbavu wangu, ndicho kilichouza ndama wetu. Labda hamkujua. Sasa mmejua. Na kile kivuli cha mkaratusi ni cha wote.

Pili, kabla hujamsumbua mzazi, nenda kwa fundi wa kijiji chenu umuulize swali moja: "Hii ikiharibika, utaweza?" Akisita, rudi nyumbani. Kitu ambacho hakuna mtu wa kukitengeneza karibu nawe, umekikodi tu, hata kama umelipa bei yote. Na keria je, itafungwa? Usione haya kuuliza habari za keria. Haya ni kumwona mama yako akibeba mtungi kichwani huku wewe unanesa.

Tatu, naiomba shule yetu itupatie pampu moja, spana chache, viraka na gundi, viwekwe kwenye stoo ya maabara. Sisi wa kutwa tuko tayari kuchanga. Mimi mwenyewe nitajitolea Ijumaa baada ya masomo kumwonyesha yeyote, awe msichana au mvulana, jinsi ya kuziba pancha na kukaza gololi. Nimejifunza kwa gharama kubwa, sioni kwa nini ninyi mlipe tena.

Ndama yule jirani alimtunza vizuri. Amekuwa ng'ombe, na mwaka huu amezaa. Kila asubuhi nikipita kando ya boma lao namwona akikamwa, ndoo ikitoa povu. Mwanzoni nilikuwa nikigeuza uso. Siku hizi namtazama, kisha nainuka kwenye kiti, nakunja viwiko, maana hatua chache mbele ya boma ndipo mteremko unapoanzia, na nyuma yangu nina lita 10.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini maziwa yangu hayatamwagika tena.

Wasalaam.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne.